Kabichi Isiyo na Picha

Mama alikuwa mwanafunzi wangu, na mimi nilikuwa mwalimu mkali. Nilipomaliza darasa la saba, kijiji chetu karibu na Lukozi kilinipa kazi ya kufundisha kisomo cha watu wazima, na mama yangu mzazi akakaa benchi la mbele. Nikiingia nampa shikamoo kwanza, ndipo nafungua kitabu.

Alikuwa anasoma kama anakunywa maji. "Mama analima." "Baba anakata kuni." Wenzake wanampigia makofi. Siku moja nikafunika picha ya mama mwenye jembe kwa kiganja, nikamwambia aendelee. Akainamisha kichwa kuchungulia chini ya kiganja. Lahaula! Kumbe herufi hazijui, anasoma picha!

"Toa mkono," akasema.

"Sitoi, mama."

"Nimekuzaa mimi, leo unanificha jembe?"

Darasa zima likacheka. Mimi nilikuwa na hasira, karibu nilie. Nilijua kwa nini anataka kusoma. Zamani mbegu zilikuja kwenye makopo yenye picha. Siku hizi duka la ushirika lilizifunga kwenye vifuko vya kaki, jina tu limeandikwa kwa kalamu. Msimu uliopita aliomba kabichi akapewa koliflawa. Punje ni nyeusi zilezile, utajuaje? Aligundua shamba zima limeshakua. Tulikula koliflawa mpaka tukaichukia.

Basi nikapika uji mzito wa unga, nikabandika karatasi juu ya kila picha kitabuni mwake. Mama alinuna. Alisema nimekipofusha kitabu. Lakini darasani hakukosa hata mvua ikinyesha. Akikosea anasonya, anarudia tangu mwanzo, na ole wake atakayemnong'oneza jibu.

Vuli ilipokaribia tukaenda dukani pamoja. Muuzaji akampa kifuko bila hata kukitazama. Mama akakisogeza karibu na macho, midomo ikicheza. Nilitamani kumsaidia, nikajiuma ulimi.

"Ko... ko-li..." Akainua kichwa. "Hii koliflawa, baba. Mimi nimeomba kabichi."

Muuzaji akaomba radhi, akaleta kingine. Mama akakisoma nacho, herufi kwa herufi, watu wakisubiri nyuma yetu. Kisha akakifunga kwenye pindo la kanga. Nilikuwa na furaha ya kuruka.

Tulipofika mtoni akanigeukia.

"Sasa bandua zile karatasi zako," akasema. "Nataka nione kama aliyechora yule mama anajua kushika jembe."