Mkwe wa Kavata

Kavata wa Mbuvi aliingia kazini mwaka 1971, akiwa na miaka ishirini, kama kibarua wa msimu katika stoo ya shirika moja la mbegu mjini Kitui. Shirika hilo lilishakufa na sina haja ya kulifufua. Kazi ilikuwa kukaa na ungo mapajani tangu asubuhi, kutenga mbegu nzima na zilizotobolewa na fukusi. Baada ya miezi mitatu mnarudi nyumbani kungoja kuitwa tena. Aliyeitwa misimu mitatu mfululizo aliweza kuandikwa kazi ya kudumu. Kavata alikuwa na mama mjane kule Matinyani asiye na mwingine wa kumtegemea. Aliitaka kazi ile kwa moyo wote, na Mutie alilijua hilo.

Mutie alikuwa karani wa stoo. Hakuwa mkubwa wa Kavata, walikuwa wafanyakazi wenza tu, ila yeye alikuwa wa kudumu, na meneja alimwuliza yeye ni kibarua yupi arudi. Alikuwa na miaka arobaini, mzee wa kanisa, mwenye sauti ya upole. Hiyo sauti ya upole ndiyo siwezi kuisamehe.

Wiki ya pili alihamishia kiti cha Kavata nyuma ya magunia. "Hapa mwangaza ni mzuri," akamwambia. Dirisha lilikuwa upande wa pili. Kisha wengine wakawa wanatumwa chai mapema, Kavata anaambiwa amalizie kwanza. Kisha Mutie akawa anakuja kukagua mbegu, na hazichukui kwenye ungo, anazichukua kiganjani mwa Kavata, moja moja, polepole, huku akimwuliza kama ana mchumba.

Kavata alikuwa akirudi nyumbani anajiuliza kama kweli kuna jambo au ni yeye mwenye mawazo mabaya. Angeshtaki nini? Kwamba karani amekagua mbegu? Alianza kuogopa harufu ya sabuni ya mtu yule, maana ilimfikia kabla ya kusikia hatua zake.

Siku moja Mbula, mke wa Mutie, alimletea mumewe chakula. Alimkuta Kavata peke yake huko nyuma, akamsalimu, akamwuliza kama tunavyoulizana huku kwetu.

"Wewe ni wa kwa nani?"

"Wa Mbuvi, Matinyani."

"Mbuvi ndugu ya Ndeti wa Tulia?"

"Huyo huyo. Ndeti ni wa nyumba ya kwanza, baba yangu alikuwa kitinda mimba wa nyumba ya nne."

Mbula alishika mdomo akacheka. "Ndeti ndiye alizaa mama yangu. Basi wewe ni dada ya mama. Wewe ni mwaitu."

Yaani, wewe ni mama yangu. Aliyasema hayo akiwa na sufuria mkononi, na Mutie amesimama nyuma yake akisikia yote.

Mkamba hana mchezo na mama mkwe. Kuna nthoni, ile heshima ya kukwepana: hakai naye chumba kimoja, hapokei kitu mkononi mwake, wakikutana njiani humwachia njia. Akiivunja, wakwe watamdai mbuzi na jina lake litatembea soko hadi soko. Mutie alikuwa ameoa mjukuu wa Ndeti, lakini hakuona haja ya kumwuliza kibarua ni wa kwa nani. Sasa, kwa hesabu ya nyumba za wake wanne wa babu mmoja, msichana wa miaka ishirini alikuwa mama mkwe wake. Aligeuza uso ukutani, akatoka kinyumenyume. Kavata alifurahi hadi akajionea aibu.

Mutie alijaribu kumfanya asiitwe tena, lakini meneja, Bwana Abdulkadir, alikuwa ameona wepesi wa mikono yake. Mwaka 1974 Kavata aliandikwa, akapewa mahali karibu na dirisha.

Miaka miwili baadaye alikuja kibarua mpya, Nthenya, msichana wa Mwingi. Haikuisha wiki kiti chake kikawa nyuma ya magunia. Kavata alijikasirikia: kumbe alikuwa amejifungia mlango na kuwaacha wengine nje. Alibeba ungo wake akaenda kukaa kando ya Nthenya.

Mutie alikuja, akakomea pale magunia yanapoishia, akaongea na ukuta. "Mwambieni mama arudi mahali yake."

"Hapa mwangaza ni mzuri," Kavata akajibu.

Alikaa kule, kwenye joto na vumbi, misimu miwili. Wenzake walimtania kwamba ameatamia mayai. Hakuchukua likizo hata siku moja, hadi mama yake alipofariki, akaenda Matinyani siku tatu kumzika.

Aliporudi, ungo wa Nthenya ulikuwa umetundikwa ukutani. Msichana alikuwa ameondoka jana yake bila kuaga. Kavata aliuliza kuna nini, na stoo nzima ikaendelea kuchambua mbegu, hakuna aliyeinua kichwa. Kimya kile, aliniambia, kilimwuma kuliko msiba aliotoka.

Ndipo alipobeba kiti akaenda kukiweka ndani ya ofisi ya Mutie, mbele ya meza yake, akakaa akamtazama. Mutie alitoka. Kesho yake Kavata akarudi, na kesho kutwa. Karani akawa anaandikia vitabu vyake nje juani. Baada ya miezi miwili aliomba uhamisho, akapelekwa tawi la Nunguni, huku kwetu milimani, kwenye mbegu za viazi.

Pale Kitui walishangilia. Kavata hakushangilia, kwa sababu Nunguni nako kulikuwa na vibarua. Akaenda kwa meneja kuomba uhamisho na yeye.

"Kule ni baridi, Kavata," akasema Bwana Abdulkadir. "Uko na mtu wako huko?"

"Niko na mkwe."

Barua yake ilichukua wiki tano kupita mezani kwa wakubwa. Wakati huo mimi nilikuwa kibarua wa Nunguni, miaka kumi na tisa, na Mutie alikuwa ameshaniketisha nyuma ya viazi. Asubuhi moja aliingia mwanamke mfupi aliyevaa sweta jepesi mno kwa baridi yetu. Mutie alimwona, akatoka bila hata kuchukua kofia yake. Mgeni akaweka kiti kando yangu, akanitazama kwa muda mrefu.

"Amekugusa?"

"Bado," nikasema.

Alimshukuru Mungu kwa sauti, akafuta macho. Alikaa nami miaka minane, kifua kikimsumbua kwa ukungu wa huku, hadi Mutie akastaafu. Nilimwita mama, na alinisimulia maisha yake yote. Mimi sikuwahi kumwambia kwamba alichelewa kwa wiki mbili.