Farasi aliyepewa jina la mtani

Kabla hajanywa chai yake mwenyewe, Wagane Tine anamnywesha farasi. Anainamisha ndoo, anaishika kwa mikono miwili, na anangoja. Nyuma ya soko kuu la Kaolack jua limeshapanda, vumbi la maganda ya karanga limeanza kuruka, na pikipiki za magurudumu matatu zinapiga honi kutaka njia.

"Kunywa, Kadiata," anasema. "Wenye haraka wapite."

Wanapita kweli. Mpaka farasi anainua kichwa kutoka kwenye ndoo, magunia yaliyokuwa mlangoni mwa ghala yameshapakiwa na kuondoka. Wagane, mwenye umri wa miaka sitini na mitatu, hajapata mzigo. Anakaa kwenye ubao wa mkokoteni wake na kuchambua majani makavu ya karanga, akitupa vijiwe vinavyoweza kumvunja farasi jino.

"Zamani mji huu uliamshwa na kwato," anasema. "Mtoto akilia usiku mama yake alimwambia, nyamaza, mikokoteni inakuja, kumekucha. Siku hizi kunakuchaje? Sijui. Naona tu mwanga."

Msimu wa karanga, anakumbuka, ulikuwa kama harusi. Mikokoteni ilipanga mstari kutoka sokoni hadi kwenye maghala, farasi wakiwa na shanga na vitambaa vyekundu kwenye lijamu, na wanawake wakijua kila farasi ni wa nani kwa kusikia kengele yake. Hata mtu mvivu alirudi nyumbani na faranga elfu nane. Leo Wagane akipata elfu mbili amebahatika, na kuna siku farasi anakula zaidi ya alichoingiza.

Hakuja mjini kwa kupenda. Kwao ni Ndiolfor, kijiji cha Waserer upande wa Fatick, na ukame ndio uliomtoa, akiwa kijana wa miaka ishirini. Alikuja na farasi jike wa marehemu baba yake. Farasi huyo alizaa, na mwanawe naye akazaa. Kadiata ni mjukuu wake.

Jina hilo lina mambo yake.

Miaka kumi na minane iliyopita alifika kijiwe cha mikokoteni msichana mwembamba mwenye miwani, mwanafunzi kutoka Dakar. Alisema anasomea namna watu na wanyama wanavyoishi pamoja: nani anamtegemea nani, nani anamwambia nini mwenzake, na mmoja akiondoka anayebaki hufanyaje.

"Tukatazamana," anasema Wagane. "Ngor akamwuliza, 'Binti, huko kwenu watu wenyewe mmeshamaliza kuwasoma?'"

Ngor Sarr, jirani yake wa kijiweni tangu ujana, anacheka hadi leo akikumbushwa. Swali la kwanza la msichana lilikuwa, je, unampenda farasi wako? Wagane alimjibu kwamba yeye anapenda wali na samaki. Farasi ni jembe lenye miguu minne.

Msichana akaandika. Kisha akanyoosha kalamu kwenye shingo ya farasi, palipofungwa hirizi za ngozi nyekundu. "Na jembe hili," akauliza, "umelinunulia hirizi za nini?"

Wagane mwenyewe hakuwa na hirizi hata moja. Kijiwe kizima kilimcheka.

Ilipojulikana kuwa msichana ni wa ukoo wa Sow, Mfulani, mambo yakawa mepesi. Mserer na Mfulani ni watani. Wakikutana hutukanana kwanza, salamu baadaye. Kila mmoja humwita mwenzake mtumwa wake, na anayenuna ndiye mjinga. Kuanzia siku hiyo Wagane alimwita "mtumwa wangu, mnywa maziwa," naye akaitwa "mtumwa wangu, mla uwele usiokobolewa." Utafiti ukaenda.

Wiki hiyohiyo farasi wa Wagane alizaa, palepale nyuma ya kijiwe. Siku ya nane waendesha mikokoteni wakapika uji mzito wa uwele na maziwa ya mgando, kama inavyofanywa mtoto wa mtu akipewa jina. Ngor akavaa kanzu, akajifanya shehe. Wagane akainama kwenye sikio la mtoto wa farasi, akamnong'oneza jina: Kadiata. Jina la mtafiti.

"Nilitaka kumkomesha," anasema. "Mfulani na ng'ombe wake, nikasema ngoja nimpe farasi."

Hakukomeka. Aliondoka bila neno, akarudi jioni na kanga na sabuni, vitu ambavyo mtu humletea somo wake. Tangu hapo hakukosa mwaka. Alipata shahada ya kwanza, ya pili, akawa Daktari Sow na kusomesha wengine, na bado kila baada ya mavuno alishuka Kaolack na gunia la uwele kwa ajili ya somo wake na kokwa za kola za kutafuna kwa ajili ya Wagane. Siku ya ndoa yake huko Dakar, Wagane alipanda basi akaenda, akasimama mbele ya wazee na kudai mahari yote aletewe yeye, kwa kuwa bibi harusi ni mtumwa wake. Wazee walicheka, wakampa paja la mbuzi.

Hizo ndizo siku ambazo Wagane huzisimulia uso ukimng'aa. Zinazofuata huzisimulia akitazama chini.

Pikipiki za magurudumu matatu zilikuja moja moja, kisha zikajaa. Hazili zikiwa zimelala. Haziugui tumbo mvua zikianza. Mwendesha mkokoteni mmoja aliuza farasi akanunua pikipiki, wa pili akafuata, na kijiwe kikabaki na wazee wawili na farasi wawili.

Tening Diome, mke wa Wagane, muuza chakula cha uwele mlangoni mwa soko, alivumilia sana kabla ya kusema. Alisema wakati wa chakula cha mchana, mbele ya binti yao Siga.

"Baba Siga, zamu yangu ya upatu ni mwezi ujao. Uza farasi na mkokoteni, tuongezee, tununue pikipiki. Ngor ana shemeji atakufundisha kuendesha."

"Huyu ni mzee. Nani atamnunua?"

"Wabeba mchanga wananunua hata farasi kiwete."

"Ndiyo maana siuzi."

"Mimi niliolewa nikiwa mke wa kwanza," Tening akasema, "kumbe nilikuwa wa pili. Mke mkubwa alikuwa amefungwa uani." Binti yao akainama kuficha kicheko, lakini Tening hakuwa anacheka. "Nimechoka, baba Siga. Nina miaka mingi ya kuchoka."

Wagane anakiri ilikuwa kweli. Lakini alijua pia farasi wanaobeba mchanga wanaishia wapi. Hawamalizi mwaka, na wakianguka huburutwa hadi kwenye uwanda wa chumvi nje ya mji na kuachiwa mbwa.

Kukawa na mlango mmoja tu aliouona. Daktari Sow alikuwa amekuja Kaolack kumalizia kazi yake, kitabu juu ya watu wa mikokoteni na farasi wao, na sura iliyobaki ilikuwa inahusu kuachana. Wagane akamfuata nyumba ya wageni alikofikia. Kumwuza farasi mwenye jina la mtani ni jambo ambalo mtani mwenyewe anaweza kulizuia kwa neno moja. Akisema somo wangu hauzwi, basi hauzwi. Hata Tening, Mserer halisi, asingethubutu kulipinga.

"Nikamwambia, nataka kumwuza Kadiata kwa wabeba mchanga," anasimulia. "Nikangoja anitukane."

Daktari Sow hakumtukana. Alivua miwani akaifuta. Kisha akasema kwamba yeye ni mtafiti, amekuja kuandika yanayotokea, na si haki yake kuyageuza. Akauliza kwa upole kama angeweza kuwepo siku ya mauzo.

Wagane alirudi kwa miguu. Aliumia, na anasema wazi kwamba aliumia.

"Miaka kumi na minane ananiita mtumwa wake. Siku niliyotaka bwana, akawa daktari."

Mnunuzi alikuja Jumatatu, jina lake Baye Lo, mtu mwenye kauli nzuri na mikono iliyopasuka. Alimfungua farasi mdomo, akamkagua meno, akampapasa miguu. Bei ikakubaliwa bila kelele. Tening alisimama pembeni na mwiko wake. Daktari Sow alikaa juu ya gunia, kalamu mkononi, haandiki.

"Anaitwa nani?" Baye Lo akauliza. "Farasi bila jina haendi."

Wagane akatazama kwato za farasi, akatazama barabara. Angewezaje kutamka jina la mtani, mwenye jina akiwa ameketi pale, na fedha ya kumwuza ikiwa mkononi mwa mtu?

"Nogaye," akasema, jina la kwanza lililomjia mdomoni.

Ngor akakohoa.

"Nogaye," Baye Lo akaita, akivuta hatamu. Farasi hakusogea. "Nogaye, twende." Hata sikio halikutikisika. Mnunuzi akazunguka, akapiga makofi karibu na kichwa chake, akamrudia Wagane kwa masikitiko. "Mzee, huyu ni kiziwi. Na nadhani akili pia zimechoka. Punguza bei."

Wagane anasema hajui nini kilimpanda. Angeweza kupunguza, na biashara ingeisha.

"Kiziwi nani?" akafoka. "Akili zimechoka nani? Huyu anasikia uwele ukimwagwa nyumba ya tatu. Kadiata."

Farasi akageuka mzima mzima, mkokoteni ukalia, akaja kumwekea Wagane kidevu begani.

Ngor alicheka hadi akakaa chini. "Umemtaja," akasema. "Umemtaja mbele ya mwenyewe. Mserer anamwuza Mfulani wake mchana kweupe, na anamsifia masikio."

Baye Lo alimtazama Wagane, akamtazama mwanamke juu ya gunia, akauliza, akaelezwa. Akafunga fedha zake kwenye kitambaa. "Huyu ana wenyewe," akasema. "Mimi sitaki ugomvi wa watani." Akaondoka zake, na hakuonekana kukasirika.

Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Wagane alibaki ameshika hatamu, aibu imemjaa, hana pikipiki, hana mzigo, na mkewe anamtazama.

Ndipo Daktari Sow aliposhuka kwenye gunia. Alikuwa analia, na hakujificha.

"Mtumwa wangu," akasema, "nani alikupa ruhusa ya kuniuza?"

"Ulikuwa wapi juzi?" Wagane akamwuliza.

"Nilikuwa naogopa kuharibu kazi yangu."

"Haya. Imeharibika?"

"Imeharibika vibaya sana," akasema. "Nitaandika hivyo hivyo, kwamba niliiharibu."

"Andika na hili. Mfulani anapenda ng'ombe, watu akawaweka baadaye."

"Na wewe andika, kama ungejua kuandika, kwamba Mserer anauza ndugu zake akikosa wali."

Hivyo ndivyo walivyosameheana. Wageni wangedhani ni ugomvi.

Tening hakusamehe siku hiyo, wala ya pili. Siku ya tatu alimwambia mumewe kwamba fedha ya upatu atanunulia mashine ya kusagia uwele, yake mwenyewe, kwa jina lake mwenyewe, na hataki ushauri. "Mashine haina somo," alisema. Wagane alikubali haraka, na anakiri ni mara ya kwanza amekubali jambo haraka katika ndoa hiyo.

Naye ameamua lake. Mkokoteni atamwachia Ngor. Mawingu yakianza kujikusanya atamchukua Kadiata washike njia ya Fatick, siku mbili za kutembea polepole, hadi Ndiolfor. Shamba la baba yake bado lipo, ndugu zake wanalilima nusunusu. Mashine ya kupandia mbegu ni nyepesi, farasi mzee anaweza kuivuta asubuhi na kupumzika jua likikaza. Huko farasi akifa huchimbiwa shimo, na majirani huja kumpa pole mwenyewe. Tening atamfuata wakati wa mavuno, kama mashine itamruhusu.

Daktari Sow ameomba kutembea nao. Wagane amemkubalia kwa sharti moja, abebe maji.

Ngor, ambaye baada ya miaka zaidi ya arobaini atabaki mwendesha mkokoteni pekee kijiweni, ndiye mwenye mashaka. Anamtazama Kadiata, mbavu zake, goti lake la kushoto linalovimba wakati wa baridi. Anamwuliza rafiki yake kama amefikiria sawasawa, maana mnyama wa umri huu anaweza kumfia njiani kabla hawajaifikia Fatick.

Wagane anapitisha kiganja kwenye shingo ya farasi, akimtoa vumbi.

"Atakuwa amekufa akienda kwao," anasema. "Wangapi kati yetu hapa mjini tutapata hilo?"