Kuku Weupe Wasio na Doa

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nimechutama nyuma ya nyumba yetu Jomvu Kuu, ndoo ya maji mbele yangu, nachagua vifaranga. Nilikuwa kijana, na nikifuga bantam, wale kuku wadogo wa maonyesho, kama hao ulioanza kuwafuga wewe. Nilitaka weupe mtupu. Aliyeota manyoya meupe nilimrudisha bandani. Mwenye hata unyoya mmoja mweusi nilimtumbukiza majini.

Shangazi Mwanakombo, dadake baba, ndiye aliyenilea mama alipofariki. Nyumba yake na yetu zilitenganishwa na ua wa makuti tu. Akanikuta.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Huyo kakukosea nini?"

"Ana doa. Nikimwacha atanichafulia kizazi."

"Basi nipe mimi nimfuge."

Nikakataa. Sikutaka watu wajue kwamba kuku wangu hutotoa vifaranga wenye madoa.

"Athumani," akasema, "mchagua nazi hupata koroma. Kila mwaka wampandisha jogoo kwa bintize, kaka kwa dada. Damu ile ile itachoka. Tia ngeni."

Nikamwona mzee asiyejua mambo. Mimi hata jua nilikuwa nikiwaficha kuku wangu, lisiwatie umanjano, na siku ya maonyesho nikiwasuuza kwa maji ya buluu kama kanzu ya Idi. Mwaka ule nikashinda. Kiburi kikaniingia hadi kwenye uti wa mgongo.

Haukupita mwezi, jogoo wa shangazi, mwekundu, mwenye sauti kubwa, akaruka ua akaingia kwa mitetea yangu. Nilimkamata nikamsokota shingo. Hata bismillahi sikusema. Kisha nikamrusha upande wa pili.

Shangazi alitoka nje. Alimwokota, akamfuta mchanga, akaniangalia.

"Ungemchinja, mwanangu, angalau akaliwa."

Akaingia ndani, akafunga mlango. Tangu siku hiyo nikimwamkia aliitikia marahaba, basi. Kila siku nilijiambia nitamwomba radhi kesho.

Msimu uliofuata mayai mengi yalikuwa viza. Walioanguliwa, huyu vidole vimejikunja, yule jicho moja halioni. Bado nilichagua weupe. Kisha kideri kikaingia mtaani. Kila mtu alipoteza kuku, lakini wengi walibakiwa na wawili watatu. Wangu hakusalia hata mmoja. Nilichimba shimo moja nikawafukia wote, wale wa zawadi chini, vilema juu, na mchanga ulipowafunika sikujua tena yupi ni yupi.

Nilikuwa bado nanawa mikono nilipoitwa. Shangazi ameanguka, kiharusi. Nilimkuta kitandani, mdomo umekwenda upande, ulimi mzito. Nikapiga magoti.

"Shangazi, niwie radhi kwa jogoo. Niwie radhi kwa yote."

Alinitazama. Sijui kama alinisikia. Nilingoja jibu siku mbili, na siku ya tatu tukamzika. Wallahi, mwanangu, mpaka leo nangoja.

Hata waganga wa mifugo niliwauliza baadaye, wakaniambia maneno yale yale ya shangazi, ila kwa lugha ndefu zaidi.

Basi sikiliza. Kizuri hakikosi ila. Penda weupe, si vibaya, lakini kila baada ya muda leta jogoo wa ukoo mwingine, hata akikuletea madoa. Utayapunguza polepole kuku wakiwa na afya. Asiyekufaa mpe jirani, au mchinje kwa jina la Mungu aliwe. Usiue kiumbe kwa kuficha aibu yako. Na ukimkosea mtu, ufuate mlango wake siku hiyo hiyo, hata kama mkono bado una damu.

Mola akubarikie mikono na mifugo yako, akuepushe na kiburi kilichonila mimi, na waliokulea wakuwie radhi wakiwa bado wana ulimi wa kukwambia. Amin.