Kitabu Kilichokwenda Nyumba ya Pili

Ramadhani ile jirani yangu alinitumia sahani za futari mpaka nikakosa pa kuziweka. Kwetu Gando sahani ya jirani hairudi tupu. Ukiletewa kaimati, utairudisha na ulicho nacho, hata kama ni vipande viwili vya muhogo wa nazi, na mwendo ni huo tangu mwezi kuandama mpaka Idi. Mimi zake sikuzirudisha. Nilizikosha, nikazifuta, nikazipanga juu ya kabati, na kila nilipopita nilizitazama kama anayetazama kidonda chake kuona kimefika wapi.

Sababu ilikuwa kitabu.

Wanawake wa mtaani kwetu tuna grupu la mapishi kwenye simu. Jirani ndiye aliyelianzisha. Mumewe ana duka Wete, ukoo wao ni wa Waarabu waliokuwa na mashamba zamani, na jikoni kwake mna oveni. Humo kwenye grupu, anayenunua kitabu kipya cha mapishi hupiga picha jalada lake, kisha kurasa anazozipenda, na sisi wengine tunamtilia mashaallah huku kila mmoja rohoni anajua anachokijua. Ikiingia Shaabani tunataja vitabu tunavyovitamani. Nesi wa kituo cha afya kila mwaka hutaka cha keki. Fundi cherehani alitaka cha pilau na biriani, tukamcheka, kwa sababu mtaa mzima unajua kwamba nyumbani kwake pilau hupika mumewe.

Mimi nilitia picha ya kitabu cha mikate. Nilikiona kwenye ukurasa wa duka moja la vitabu la Unguja: jalada la kijani, mbele mkate wa ajemi umefura na kupata madoa ya moto. Chini yake niliandika: "Hiki ndicho changu. Aninunulie mwenye roho nzuri." Nikamalizia na kile kiuso kinachocheka, nisionekane nimeomba.

Mdogo wangu wa mwisho yumo kwenye grupu. Yeye anafanya kazi Unguja, ofisini. Alitia alama ya moyo chini ya picha yangu, na mimi moyo ule niliuhesabu kuwa ni ahadi.

Lazima niseme kwa nini nilikitaka hivyo, maana kupika najua na kitabu hakikuja kunifundisha kuwasha jiko. Mama alipofariki, baba alikwisha kututangulia, nami ndiye mkubwa. Niliacha skuli ili wadogo zangu watatu waende. Kuanzia hapo kila mwaka vitabu viliingia nyumbani kwetu, vya hesabu, vya sayansi, vya dini, na mimi ndiye niliyevivisha karatasi za kaki na kuandika majina juu yake. Hati yangu ni nzuri. Nimeandika majina ya wadogo zangu wote, na langu sikuwa na pa kuliandika.

Basi siku ya kuvunja jungu, karamu ya mwisho kabla ya kufunga, mdogo wangu alikuja kutoka Unguja na mifuko yake. Tulikaa ukumbini akigawa. Ndugu yetu wa kiume, ambaye naishi naye, alipata kanzu. Mimi nilipata sufuria kubwa yenye mfuniko wa kioo. Nilimshukuru, nikaupapasa ule mfuko kwa mkono kana kwamba naukunja, nao ulikuwa mtupu.

Kesho yake jirani alitia picha kwenye grupu. Jalada la kijani, mkate wa ajemi. "Zawadi ya mdogo wetu," aliandika. "Mungu amzidishie."

Mdogo wetu. Neno lile nililisoma nikiwa nakuna nazi, nikakuna mpaka nikafika kwenye kifuu, tui likatoka na rangi ya udongo.

Nilijua alichomfanyia. Mdogo wangu alipopata kazi hakuwa na pa kufikia, na jirani akampeleka kwa dada yake Unguja, akakaa huko hadi alipopata chumba. Wema ule ulistahili zawadi, sikatai. Lakini madukani mna vitabu vingi. Nilingoja mdogo wangu aniambie kwa nini kile. Hakuniambia, nami sikumwuliza, na akarudi Unguja kazini.

Ramadhani ikaingia na sahani zikaanza. Siku ya kwanza mkate wa ajemi wenyewe, moto, umefunikwa kitambaa. Kisha mkate wa nyama, kisha vileja, kisha mkate mmoja wa tende ambao sijapata kuuona kwa mtu. Ningependa kuandika kwamba vilikuwa vibaya. Vilikuwa vitamu, na mkono wake ulikuwa ukizidi kuwa mwepesi siku hadi siku. Ndugu yangu wa kiume alimega ajemi, akatafuna na macho kafumba, akaniuliza mbona wetu huwa haufuri vile. Nikamwambia wetu haukusoma.

Kurudisha sahani nilitaka, lakini nitie nini? Kila nilichopika nilikiona cha jana. Majimbi, ndizi mbichi, mkate wa kumimina nilioupalia makaa juu na chini kama alivyonifundisha mama. Nilikuwa nakipakua kwenye sahani yake, nakitazama, halafu nakirudisha chunguni. Akilini nilimwona akikipokea na kusema ahsante, na kitabu kimekaa wazi nyuma yake.

Siku moja aliniita kutoka uani kwake. "Mwenzangu, sahani zangu zimeolewa huko?"

"Zimo edani," nikamwambia. "Zikitoka utaziona."

Alicheka kweli kweli, nikamsikia akimhadithia mumewe. Hata hilo liliniudhi, kwamba hakujua kuwa nimenuna.

Mdogo wangu alirudi kwa Idi. Asubuhi wanaume walipokwenda kuswali tulikuwa jikoni sisi wawili, pilau iko kwenye ile sufuria yake yenye kioo. Akainua macho akaona rundo juu ya kabati. Akaziteremsha sahani moja moja, akazigeuza, akaona rangi ya kucha ambayo jirani hutilia alama chini ya vyombo vyake.

"Dada, hizi zote ni za nyumba ya pili? Umekaa nazo Ramadhani nzima?"

Nikamwambia aendelee kukata vitunguu.

"Amekukosea?"

"Hakunikosea. Anapika vizuri siku hizi. Ana kitabu."

Akaanza kueleza kwa furaha, bado hajaelewa. Alisema dukani alibabaika amnunulie jirani kipi, vitabu vilikuwa tele, ndipo akakumbuka kile nilichokisifu kwenye grupu. "Nikasema, kama dada kakipenda, basi hicho ni kizuri, hakitamwangusha."

"Nilisema hiki ndicho changu."

"Si ulikuwa unacheka?"

Nikakoroga pilau ambayo haikutaka kukorogwa.

"Dada," akasema, taratibu sasa, "weye hujapata kutaka kitu. Tangu tuko wadogo. Tukila unatwambia umeshiba kwa kuonja. Nguo za Idi unasema zako bado mpya. Ukisema unataka, sisi tunajua ni mzaha."

Ilikuwa kweli kwamba nilikuwa nikisema hivyo. Chungu kilikuwa kidogo na vinywa vilikuwa vitatu mbali na changu. Nilipakua mpaka mwiko ukagusa chini, nikasema mie nimeonja, nimeshiba, nikaenda kukosha vyombo. Nilidhani nawaficha njaa tu.

"Nilikuwa na njaa," nikamwambia.

"Lini?"

"Siku zile zote. Na kitabu nilikitaka."

Akakiweka kisu chini. Hakulia, wala hakuniomba msamaha kwa maneno, na nilishukuru, kwa sababu ningemwambia si kitu, na kilikuwa kitu. Aliuchukua mwiko mkononi mwangu. Akafungua sufuria, akapakua sahani, akachagua nyama iliyoshikana na mfupa, ile ambayo nyumbani kwetu aligawiwa kila mtu kwa zamu isipokuwa mimi, akanisogezea kibao cha mbuzi ya nazi nikalie.

"Kula kabla hawajarudi."

"Na chako?"

"Changu baadaye. Nami nitakuletea kitabu."

"Niletee," nikasema. "Usije na sufuria."

Nikala. Aliponiuliza kama naongeza, nilimpa sahani.

Kisha tukazijaza sahani za jirani, pilau katika kila moja, akazipeleka kwa safari mbili. Aliporudi alisema jirani amefurahi, na kwamba ameuliza kama eda imekwisha. Nami nikamwuliza kitabu amekiona wapi.

"Juu ya friji. Jalada limeshaingia samli."

Changu nitakivisha karatasi ya kaki siku hiyohiyo kitakapofika, na jina juu yake nitaliandika mwenyewe.