Kipindi cha Dini kwa Wasio na Dini

Shule ya misheni kule kwetu Shinyanga ilinipenda mpaka baba alipokataa nibatizwe. Baba alikuwa mfugaji, akiwatambikia mababu zake kila mvua zilipochelewa. Alinihamishia Geita kwa shangazi, karibu na mgodi, nikaingia shule ya mtemi, isiyo ya misheni.

"Huko ni kusoma na hesabu tu," alisema. "Mungu hawamgawi."

Kumbe walimgawa kila Ijumaa. Kengele ikilia, Wakristo walimfuata padri au mchungaji, Waislamu wakaenda kwa shehe. Sisi tuliobaki tulipewa majembe, tukapalilie pamba ya shule.

Sikutulia. Nikiwa shambani nilisikia nyimbo nilizozijua, na upande wa pili sauti za Kurani nisizozielewa. Ijumaa moja nikaingia kwa padri, iliyofuata kwa shehe. Padri akalalamika, na mwalimu mkuu akamwita baba.

"Mzee, binti yako nimweke wapi?"

"Mweke darasani."

"Nasema kipindi cha dini."

"Kwani mimi sina dini? Kila asubuhi naligeukia jua, namwomba Liwelelo atupe uzima sote. Hata wewe umo."

Mwalimu mkuu, aliyelelewa misheni, alicheka kidogo. "Mungu huyo sikufundishwa kumfundisha."

"Basi waulize watoto wenyewe."

Ijumaa iliyofuata majembe yalibaki stoo. Mwalimu mkuu alikaa nasi, akauliza kwetu wanasema nini mtu akifa. Tulibishana hadi kengele ikatukera. Lakini mkaguzi wa shule alipokuja alisema somo hilo halimo katika mtaala, nasi tukarudi kwenye pamba.

Ubishi haukukoma. Mwenzangu mmoja, Mzinza wa hapo hapo Geita, aliniuliza tukipalilia, "Makaburi ya mababu zenu yako Shinyanga. Wewe uko Geita. Watakusikiaje?"

Swali hilo lilininyima usingizi. Likizo ilipofika nilimkuta baba zizini, nikamwamkia, hata mzigo sijautua nikamuuliza.

Alimpapasa ng'ombe shingoni.

"Hilo, mwanangu, sijui," alisema. "Ukilipata, uje unifundishe."

Nilikuwa sijawahi kumsikia baba akisema hajui. Nilitamani angenigombeza tu.