Usimwulize Mtu Kwao

Nilihamia Ukunda na cherehani, godoro na talaka ya wiki tatu. Kwetu Munje hakuna mtu ambaye mamangu hajui ni mtoto wa nani na mjukuu wa nani. Nyumba niliyopanga Ukunda ilikuwa ya vyumba vinane, vinne huku na vinne huku, ukumbi katikati, na uani choo kimoja, bafu moja na mfereji mmoja. Katika vyumba vinane hivyo hapakuwa na wapangaji wawili waliotoka mahali pamoja. Usiku wa kwanza nilisikia lugha tatu kupitia kuta, na hakuna hata moja iliyokuwa yangu.

Asubuhi yake nilikuwa nimesimama uani na ndoo, sijui foleni yaanzia wapi. Mama mmoja mtu mzima, wa chumba cha mwisho karibu na uani, akaniita.

"Umelala salama, mwanangu?"

"Salama. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa hapa nikwambie mambo ya nyumba hii kabla hujaambiwa na mwengine."

Akaniambia. Nguo mbichi zisianikwe zikadondoka mlangoni pa mtu. Samaki wapaliwe magamba nje, matumbo yazikwe siku ile ile. Dada wa chumba cha pili, anayefanya kazi ya dobi kwenye hoteli, hurudi alfajiri, kwa hivyo cherehani isilie kabla ya saa nne. Wa chumba kilichotazamana na changu anakunywa. "Ni pombe yake, si yako. Ukimkuta amelala ukumbini mruke. Asubuhi msalimie kama kawaida." Na la mwisho alilisema kwa sauti ya chini, akitazama kama kuna mtu mlangoni: "Usimwulize mtu kwao. Akitaka ujue, atakwambia mwenyewe. Humu ukimwuliza mtu kwao, adhani wamtafutia sababu."

Mwaka mmoja wa uchaguzi, alisema, watu waliulizana kwao humu humu ukumbini, na kabla ya wiki kwisha familia mbili zilikuwa zimehama na vyombo vyao kichwani. Sikusahau maneno hayo. Niliishi kwayo kwa miaka sita, na nilidhani ni adabu kamili.

Yeye mwenyewe alikuwa akikaanga mihogo barazani kila alasiri, anaipasua katikati na kuitia pilipili na ndimu. Wafanyakazi wa hoteli walipita wakitoka zamu, na yeye alimsalimu kila mmoja kwa lugha ya kwao. Dada wa dobi, ambaye ni Mjaluo, alimwamkia Kijaluo. Jirani yetu anayeleta mbuzi kutoka Kinango alimwamkia Kiduruma. Mimi aliniamkia Kidigo, japo kwa matamshi yaliyonichekesha. Kiswahili chake kilikuwa cha Tanga, kisafi kuliko changu. Tukamwita mama wa Tanga, tukaridhika. Hakuna aliyewahi kumsalimu kwa lugha yake, kwa sababu hatukuwaza kwamba anayo nyingine.

Siku moja asubuhi nilitoka na ndoo nikamkuta ameketi chini karibu na mfereji. Ndoo yake imejaa, maji yanamwagika yanapita chini ya miguu yake. Huyu ni mtu aliyekuwa akitugombeza kwa tone moja. Nikafunga mfereji.

"Mama, vipi?"

Akanigeukia. Mdomo umekwenda upande. Akanijibu, na sikuelewa hata neno moja. Nilidhani ulimi umekuwa mzito, kwamba ni Kiswahili kilichovunjika. Lakini aliporudia nilisikia kwamba maneno yamenyooka, yana mwanzo na mwisho, yana hata swali ndani yake. Ilikuwa lugha nzima, na alikuwa akiningoja nijibu.

Nilimwita dada wa dobi, tukampakia kwenye tuktuk, tukampeleka hospitali. Daktari, kijana mpole, alituambia ni kiharusi. Upande wa kulia umepooza. Kuhusu maneno, alisema hutokea kwa baadhi ya watu wenye lugha nyingi: ubongo ukiumia, zile walizojifunza baadaye hupotea, inabaki ile ya utotoni. Huenda zikarudi, huenda zisirudi.

"Lugha yake ya utotoni ni ipi?" akauliza, kalamu mkononi.

Tukatazamana. Dada wa dobi akasema, "Ni mtu wa Tanga." Daktari akaandika hivyo.

Baada ya siku chache tukaruhusiwa kurudi naye nyumbani. Muuguzi alituonyesha namna ya kumgeuza asipate vidonda, na tukajiona tumeelewa. Tuligawana: dada wa dobi akirudi kutoka kazini, mimi naye tunamwinua, tunamwogesha, tunambadilisha nguo. Kisha yeye analala na mimi nahamisha cherehani yangu mlangoni pa mama, nashona huku namtazama. Jirani wa mbuzi alileta maziwa. Hata yule mlevi alifua mashuka yake bila kuambiwa, akayaanika mbali na milango ya watu.

Na mama alisema. Alisema mchana kutwa. Siku za mwanzo kwa upole, kama mtu anayemweleza mtoto. Baadaye kwa ukali. Wakati wa kuogeshwa alikuwa akisema zaidi, anaanza tukimshika tu, anapaza sauti, mwisho analia. Nasi tulimjibu kwa maneno tuliyokuwa nayo. "Pole, mama." "Haya, mama." "Tumekaribia kumaliza, mama." Kitu kimoja tu ndicho tulichokielewa: tukimlisha, kabla ya kijiko cha kwanza alisema "Bismillahi", wazi kabisa. Kila aliposema hivyo moyo wangu uliruka, nikangoja neno la Kiswahili lifuate. Halikufuata.

Tulianza kutafuta. Jirani wa mbuzi alisimama mlangoni, akasikiliza, akatikisa kichwa. "Hiki si Kiduruma, wala si Kigiriama." Wapangaji walipita mmoja mmoja, wakasikiliza kwa adabu, wakatoka. Nilimleta mwanamke wa Tanga anayeuza leso sokoni. Alikaa kitandani, akamshika mama mkono ule mzima, akasikiliza kwa muda.

"Si Kisambaa," akasema. "Si Kibondei. Kizigua nakijua kwa bibi yangu, nacho sicho. Huyu si mtu wa kwetu, dada. Amekaa kwetu tu."

Nikaona aibu ambayo sijui niieleze vipi. Miaka sita nimekula mihogo ya mtu huyu. Alinifundisha kuishi na watu, akanizuia nisichokonoe, nami nikatii mpaka nikawa sijui hata nimwite mwenyeji wa wapi amsikilize.

Watu wakaanza kusema yao. Mmoja wa majirani wa nyumba ya pili alisema ni pepo, kwamba pepo ndio huzungumza lugha zisizojulikana, na akajitolea kuleta watu wa kumwombea. Nilikataa, na kwa siku kadhaa hakuitikia salamu yangu. Dada wa dobi alimrekodi mama kwa simu, akaenda kuwasikilizisha wenzake kazini: wapishi, walinzi, watunza bustani. Rekodi ikapita simu kwa simu. Wiki ya tatu ndipo ikaja sauti ya mzee mmoja wa upande wa Msambweni, Mmakonde aliyefanya kazi kwenye mashamba ya miwa tangu ujana wake. Alisema maneno machache tu: "Huyo msimwache. Nakuja kesho."

Alikuja saa tano asubuhi, amevaa koti juu ya kikoi, jasho linamtiririka. Tukampa kigoda. Alimsalimu mama kwa maneno ambayo hatukuyajua, taratibu, kama mtu anayepapasa njia. Mama akanyamaza. Ilikuwa mara ya kwanza tangu augue kunyamaza akiwa macho. Kisha akaanza kusema, na mzee akainama mbele, mkono sikioni, anaitikia, anaitikia. Wote wawili machozi yakawa yanawatoka.

"Ni Kimakua," mzee akatuambia. "Watu wa kusini kabisa, huko Msumbiji. Wazee wao walikuja Tanga kukata mkonge. Mimi ni Mmakonde, si lugha yangu, lakini kijijini kwa baba yangu tulikaa nao. Nasikia kidogo."

"Anasema nini?" nikauliza.

Mzee alitoa kitambaa akajipangusa uso.

"Asema mkono huu wa kulia mnamvuta. Kila asubuhi mkimwinua mnamvuta kwa mkono huu, na bega linamuuma kama limetoka mahali pake. Asema amewaambia tangu siku ya kwanza."

Dada wa dobi akaweka beseni chini.

"Asema nyinyi ni wasichana wenye adabu," mzee akaendelea, akitazama sakafu. "Lakini hamsikii."

Nilipiga magoti kando ya kitanda nikamwambia mama samahani, na nilipokuwa nikiisema nilijua kwamba hata hiyo haifiki. Mzee ikabidi aitafsiri. Mama akanitazama, akapumua, akafumba macho.

Mzee alikaa nasi mpaka adhuhuri. Nilichukua daftari langu la vipimo vya nguo, nikaandika maneno aliyonipa: naumwa, nigeuze, baridi, basi inatosha. Maji, alisema, ni *maasi*. Mara ngapi nimelisikia neno hilo kitandani pale, nami nikakimbia kuleta uji. Liko karibu na letu kama ndugu wa tumbo moja, na sikulitambua.

Tulianza kumwinua kwa kumkumbatia kiunoni. Hakulia tena wakati wa kuoga, lakini bega lilikuwa limekwisha kuharibika. Tulimrudisha kwa daktari, akasema hapana la kufanya zaidi ya kulituliza. Mzee alikuja mara mbili zaidi. Mara ya tatu alituma salamu kwamba miguu yake imevimba, hawezi safari. Tukabaki na ukurasa mmoja wa maneno.

Kitu kimoja alichotuachia mzee, alichokisikia kwa mama, ni jina la shamba la mkonge ambako kaka yake mama aliacha watoto. Jirani wa mbuzi ana rafiki dereva wa lori anayevuka mpaka wa Lunga Lunga kwenda Tanga kila wiki. Dereva aliuliza, akaulizia tena, na siku moja alasiri mwanamke wa umri wangu akapiga hodi ukumbini, amebeba mkoba mmoja. Alikuwa mtoto wa kaka yake mama. Nilifurahi kupita kiasi. Nilimshika mkono nikampeleka chumba cha mwisho kama ninayempeleka bibi harusi.

Mama alimtambua. Alimwita kwa jina, akaanza kumwambia mambo, haraka haraka, kama aliyeyaweka akiba. Yule mwanamke alikaa kitandani akisikiliza, kisha akanigeukia.

"Dada, anasema nini?"

Nilidhani ananitania.

"Baba alikataa tufundishwe," akasema. "Alisema tutachekwa shuleni. Mimi najua Kiswahili tu."

Nikampa daftari. Nilimsomea maneno yale, namna mzee alivyoyatamka, naye akayarudia kama mtoto wa chuo cha Kurani. Mama aliyasikia akatusahihisha. Halafu akatusahihisha tena.

Mpwa wake aliamua kumchukua, na nani angemkatalia? Ni damu yake. Tulikodi gari, nikawasindikiza mpaka Lunga Lunga. Nilimtandikia mama mito upande wa bega, lakini kila gari lilipokanyaga shimo niliona uso wake unakunjamana. Mpakani afisa alichungulia ndani, akamsalimu mama, akamwuliza jina lake na anakotoka. Mama alimjibu kwa kirefu, kwa heshima zote. Afisa alingoja mpaka akamaliza. Mpwa akatoa karatasi za hospitali na barua ya mtaa wao, akaeleza yeye. Afisa akasoma, akatazama tena ndani ya gari, akaliashiria gari lipite.

Sikuwa na kitambulisho mkobani, nilikuwa nimekiacha nyumbani kwa haraka ya asubuhi, kwa hivyo hapo ndipo nilipoishia. Nilimuaga mama dirishani. Alinishika kwa mkono wa kushoto, akaniambia maneno mengi, bila hasira wala machozi, akinitazama usoni. Nilimtazama mpwa wake. Akainua mabega. Malori yalikuwa yanapiga honi nyuma yetu. Nikaitikia, "Haya, mama," na gari likaondoka.

Dada wa dobi aliniuliza jioni kama mama ameaga vizuri. Nikamwambia ndiyo, ameaga vizuri. Sijui kama ni kweli. Labda aliniaga. Labda alinipa wasia, au aliniomba nisimwache aende.

Mpwa alinipigia miezi miwili baadaye, mchana, nikiwa na sare za shule za watu nazipinda. Alisema shangazi amefariki Jumatatu na wamemzika siku ile ile, karibu na kaka yake. Nikamwombea rehema. Nikamwuliza kama bega lilimsumbua mwishoni. Akasema lilimsumbua. Nikamwuliza kama alisema kitu.

"Alisema sana, dada," akanijibu. "Siku mbili za mwisho hakunyamaza."

Kisha salio lake likaisha, nikaitua simu mezani, nikaikanyaga tena cherehani, kwa sababu mwenye sare alikuwa amekwisha kufika na amesimama mlangoni.