Daktari wa mifugo alikuja kuangalia ulimi wa nguruwe wa Mama, akauliza kama nyumbani kuna mtu mwenye kifafa

Salamu wakuu, hasa nyinyi wafugaji wa huku kwetu magharibi.

Mimi ni mmoja wa wale wa kusoma tu na kupita. Leo acha niandike, maana kuna jambo lilitokea nyumbani na mpaka sasa linanizunguka kichwani. Nitasema nilichoona na nilichosikia. Pale nisipojua, nitasema sijui.

Kazi yangu ni kuchomelea vyuma hapa Kitale. Nyumbani ni upande wa Kamukuywa, kwa Mama. Tangu Mzee atuache, Mama anafuga nguruwe, na ndio walitusomesha, kwa hivyo sitaki kusikia mtu akiwatukana.

Mdogo wangu Wekesa anaishi kwa boma hilo hilo. Yeye ni fundi wa mbao, kijana mtulivu, na ni Msabato. Nyama ya nguruwe hagusi. Ana mpaka sufuria yake pale jikoni kwa Mama, na hakuna mtu anaruhusiwa kuipikia pork. Kumbukeni hiyo, ndiyo ilinichanganya baadaye.

Shida ilianza akiwa karakana. Alianguka, akakakamaa, akatokwa na povu. Alipoamka hakujua yuko wapi.

Tulisema ni jua. Ikarudi, tukasema ni njaa. Ikarudi tena, tukakosa cha kusema.

Mwenye karakana akamwomba kwa upole akae mbali na msumeno wa umeme. Sasa fundi wa mbao bila msumeno ni fundi wa nini? Watu wa msichana wake nao wakasema harusi ingoje kidogo.

Kwa ukoo wetu hakuna mtu amewahi kuwa na kifafa. Mama akatafuta sababu, na akaipata kwa Senge.

Senge ni dada ya Mzee, shangazi yetu. Anaishi hapo chini karibu na mto. Yeye na Mama walikuwa wamekosana juu ya mpaka wa shamba, na mara ya mwisho Senge aliondoka akinung'unika maneno ambayo hakuna mtu aliyasikia vizuri. Mama akasema hiyo ndiyo laana yenyewe. Akaacha kumsalimia, na sisi watoto tukafuata.

Ilikaa hivyo mpaka Daktari Nekesa akaja.

Huyu ni dada wa makamo, daktari wa mifugo, alikuwa anafanya utafiti wa magonjwa ya nguruwe. Alikuwa ametoka Kachibora, sasa anazunguka Kamukuywa boma kwa boma na msaidizi wake mmoja. Siku hiyo nilikuwa nimekuja nyumbani, nikasaidia kushika nguruwe.

Wakuu, mmewahi kuona nguruwe akiangaliwa ulimi? Wanamlaza, wanaweka kijiti mdomoni asifunge, halafu daktari anashika ulimi na kitambaa anauvuta nje. Anapapasa chini polepole kama mtu anatafuta mwiba. Kelele ya nguruwe ilifika Kanduyi.

Jike mkubwa wa Mama alikuwa na kitu. Daktari akaniita nipapase mwenyewe. Kulikuwa na vivimbe vidogo, vigumu kiasi, kama punje za mchele zimefichwa ndani ya nyama.

Nilidhani atauliza nguruwe anakula nini, amechanjwa lini, mambo kama hayo. Hakuuliza. Aliangalia choo chetu, ambacho mvua ilikuwa imebomoa upande mmoja, akaangalia nguruwe wengine wakizurura nyuma yake. Halafu akauliza, "Hapa nyumbani kuna mtu anaanguka kifafa?"

Mama aliweka chini beseni alilokuwa nalo mkononi.

Mimi kwanza niliogopa. Nilidhani kuna jirani amemweleza. Nikamuuliza amejuaje. Akasema hajui, anauliza tu, kwa sababu wakati mwingine hivi vitu viwili hukaa boma moja.

Tukakaa chini, akatueleza. Naandika vile nilielewa, wenye taaluma mnirekebishe.

Hizo punje ni vifuko vya mnyoo unaitwa tegu. Mtu akila nyama yenye vifuko na haijaiva vizuri, tegu anakua tumboni mwake. Anaweza kukaa huko muda mrefu na mwenyewe hasikii chochote. Mayai yanatoka na choo. Nguruwe akila kile choo, anapata vifuko kwa nyama. Mzunguko unaanza upya.

Lakini mtu pia anaweza kumeza yale mayai. Kwa mikono, kwa mboga, kwa maji. Hapo vifuko vinajijenga ndani ya mtu, na vikifika kwa ubongo, vinaweza kuleta kifafa.

Nikamwambia hapo amekosea, kwa sababu Wekesa hajawahi kuonja pork. Nikamwonyesha na ile sufuria.

Akatabasamu. "Sufuria ni safi. Kula pork kunakupa mnyoo wa tumboni. Hivi vya kichwani vinatoka kwa choo cha mtu mwenye huyo mnyoo. Wekesa hahitaji kula nguruwe, anahitaji tu kula chakula kilichoshikwa na huyo mtu."

Kwa hilo boma anayepika ni mmoja.

Daktari hakumwangalia Mama. Alisema yeye ni wa wanyama, hawezi kumpima binadamu, lakini kuna wenzake wa hospitali wanashirikiana nao kwa huo utafiti. Sote tukapeleka choo kikapimwe, hata mimi. Wekesa alitumwa Eldoret kupigwa picha ya kichwa.

Picha ilionyesha vifuko. Na tegu alipatikana kwa Mama.

Mama anapenda pork, haswa ile ya kuchomwa haraka haraka. Hajawahi kuumwa tumbo. Alipoambiwa, aliosha mikono, akakaa, akainuka akaosha tena. Alikuwa amefunga na kuomba kwa ajili ya huyo kijana mpaka akakonda. Akaniambia hataki kupika tena hapo nyumbani.

Wekesa ndiye alienda kukaa karibu naye jikoni. Nilikuwa mlangoni, nilimsikia.

"Mama, mimi nilikuwa nalala nikijua kuna mtu ananichukia mpaka anataka nife. Kumbe ni mdudu. Mdudu ana dawa. Si unipikie chai."

Akapika.

Mama alipewa dawa akapona. Ya Wekesa ni ndefu. Na hapa mnisikie: walituonya sana asinunue dawa ya minyoo akajimezea tu, kwa sababu vifuko vikifa vibaya ubongo unaweza kuvimba. Lazima daktari amfuatilie. Bado anameza dawa ya kifafa. Kuanguka kumepungua sana, ingawa sitadanganya kwamba kumeisha. Amerudi karakana, anapiga randa na kupaka vanishi, msumeno bado. Msichana bado yuko.

Choo tulijenga upya, na nguruwe sasa wako ndani ya banda.

Ikabaki Senge.

Mama alikataa tuende naye, lakini mimi nilimfuata kwa mbali kidogo. Alimkuta Senge akipepeta maharagwe. Alimweleza kila kitu akiwa amesimama, kuanzia kwa ulimi wa nguruwe mpaka kwa tumbo lake mwenyewe, halafu akasema, "Nilikuwa nasema ni wewe. Nisamehe."

Senge alipepeta mara kadhaa bila kuinua macho. Nilidhani atatufukuza.

Halafu akasogeza kiti. "Huyo daktari anarudi lini?" akauliza. "Mimi pia niko na nguruwe wawili, na sijawahi angalia ulimi."

Wakuu, mimi si mtaalamu, na si kila kifafa kinatoka kwa nguruwe. Nilichojifunza ni kwamba tulikuwa tayari kumkata shangazi yetu kabisa kabla ya kuuliza swali moja la maana. Swali lilikuja na mtu wa mifugo. Fungieni nguruwe, ivisheni nyama, osheni mikono, na mtu akianguka apelekwe hospitali.

Kuna mwingine huku Bungoma au Trans Nzoia amewahi kupata vile vipunje kwa nyama? Mlifanyaje nayo? Na madaktari wa mifugo mlioko humu, mbona hii kitu hatuambiwi tukinunua vitoto vya nguruwe? Nauliza kwa nia njema, nataka kujua.